Tulinunua Programu, Tukarithi Kesi

Mzee aliyetuuzia biashara alitukabidhi funguo za ofisi, kompyuta nne, diski yenye msimbo wote wa programu, daftari la wateja sitini na wawili, na seva moja nzito ya zamani iliyokuwa ikinguruma kwenye pembe ya chumba. Ilikuwa Machi 2014, Mombasa, joto la kukata pumzi. Tulikunywa kahawa chungu, tukasoma Fatiha, tukapeana mikono. Kulikuwa na kesi mbili ambazo hakuzitaja, na sisi hatukuuliza.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana wanaotaka kufanya kile tulichofanya mimi na binamu yangu: kununua programu ya mtu anayestaafu, pamoja na wateja wake, badala ya kuanza na ukurasa mtupu. Ni njia nzuri. Ningeirudia hata kesho. Ila ningekwenda kwa wakili kabla ya kunywa ile kahawa.

Programu yenyewe ilikuwa ya hesabu na stoki. Mzee aliianza miaka ya tisini akiwauzia wenye maduka ya jumla, kisha akaongeza sehemu ya makampuni ya kliaringi: hati za mizigo, gharama za bandarini, nani amelipa na nani bado. Mjini ilikuwa na jina. Ukitaja lile jina kwa karani yeyote wa kliaringi wa umri fulani, atakuambia alijifunzia kazi humo. Ndiyo maana tulilipa shilingi milioni 3.2. Msimbo ulikuwa umezeeka na tulijua tutauandika upya. Tulichokuwa tukikifuata hasa ni lile jina na zile simu sitini na mbili.

Mkataba tuliandikiwa na rafiki aliyewahi kufanya kazi ya ukarani kwa wakili. Kurasa sita. Kifungu nilichokipenda kuliko vyote kilisema mnunuzi hatahusika na deni lolote la muuzaji lililotangulia tarehe ya mkataba. Nilikisoma mara mbili nikahisi tumejikinga. Hatukununua kampuni ya mzee. Tulinunua biashara tu: msimbo, vifaa, wateja. Kampuni yake ingebaki naye na madeni yake. Hayo ndiyo niliyoamini, na nilikuwa nikiyaeleza kwa watu kwa sauti ya mtu anayejua.

Agosti mwaka huo akaja kijana wa kupeleka samansi, ameshika bahasha mbili. Moja ilikuwa ya mzee, ambaye alikuwa ameshahamia Muscat kwa binti yake. Ya pili ilikuwa yetu. Mlalamikaji alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi kwa mzee miaka 11: alitunza hesabu za ofisi na kuwafundisha wateja kutumia programu. Alidai mishahara ya miezi saba na malipo ya kuachishwa kazi. Sisi tulikuwa mlalamikiwa wa pili katika mahakama ya kesi za ajira.

Nilicheka kwanza, kwa kutoelewa. Mama yule sikuwahi kumwajiri. Nilichukua mkataba wetu, nikatia alama ya kalamu nyekundu kwenye kifungu changu, nikapanda hadi ofisi ya wakili Barabara ya Nkrumah. Alikuwa bibi wa makamo, mpole, anayesoma taratibu. Alimaliza kurasa zote sita kabla ya kuinua uso.

"Mwanangu, haya ni maneno yenu wawili, wewe na mzee," akasema. "Huyu mama hakutia sahihi hapa. Vipi mumfunge yeye?"

Kisha akanitolea Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500 ya Sheria za Kenya. Ni sheria fupi, na nasikitika kwamba watu wengi wa kazi yetu hawajawahi kuisikia. Inasema biashara ikihamishwa, nzima au sehemu yake, aliyeipokea anabeba madeni yote yaliyotokana na biashara ile, hata kama makubaliano yao yanasema vingine. Njia ya kutoka ni moja: ilani. Ilani ya uhamishaji itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida, si chini ya miezi 2 wala si zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kuhamisha. Ndani yake mnasema nani anauza, nani ananunua, biashara ipi, lini, na kama mnunuzi anachukua madeni au hachukui. Anayedai anaiona, anajitokeza wakati muuzaji bado yuko na fedha bado zipo.

Sisi hatukutangaza popote. Kwa hiyo kifungu nilichokitegemea kilikuwa na nguvu kati yangu na mzee peke yake: ningeweza kulipa, kisha nimdai yeye anirudishie. Kwa mama yule hakikuwa kitu.

Nililala vibaya siku nyingi. Niliikasirikia sheria, nikaikasirikia serikali, nikamkasirikia na mama mwenyewe. Hasira ile ilinitoka siku tuliyokutana naye nje ya mahakama. Alikuja na mfuko wa nailoni wenye karatasi zake zote za mishahara, zimepangwa kwa mwezi, tangu wa kwanza hadi wa mwisho aliolipwa. Hakunitukana. Aliniuliza kama ile sehemu ya ripoti za mwezi bado inakosea hesabu za senti, kwa sababu wateja walikuwa wakimlalamikia. Nilipofika nyumbani nikaona jambo lilivyo: kama kifungu changu kingekuwa na nguvu niliyoitaka, mzee angekuwa Muscat na fedha za mauzo, mimi ningekuwa Mombasa na biashara, na mtu aliyefundisha wateja wote sitini na wawili angebaki na mfuko wa nailoni. Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Tulielewana nje ya mahakama. Sheria ya ajira inataka mtu anayepunguzwa kazi alipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotimiza. Kwa miaka yake 11 ni siku 165. Tukaongeza mishahara ya miezi saba. Tulilipa kwa awamu kumi na nane. Nilimpigia mzee Muscat. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani mkataba umeyamaliza yote." Namwamini. Alikuwa mgonjwa alipouza, na alikuwa na fikra ileile niliyokuwa nayo mimi. Alituma karibu nusu. Iliyobaki ni yetu.

Kesi ya pili ilikuwa imeshafunguliwa hata kabla hatujanunua. Kampuni moja ya kliaringi ilipoteza rekodi za miaka miwili pale mzee alipowahamishia toleo jipya mwaka 2012, ikamshtaki. Faili lilikuwa mahakamani mjini, hatua chache kutoka ofisi yetu, na mtu yeyote angeweza kwenda masjala kuuliza kwa jina la kampuni ya mzee. Hatukwenda. Wakili wao aliposikia biashara imehamia kwetu akaomba tuunganishwe kwenye kesi, na tukaunganishwa. Bibi wakili alinieleza tena jambo ambalo hadi leo nalitumia kama kipimo: dai la mkataba lina miaka 6 ya kufunguliwa, dai la ajira miaka 3. Yaani aliyenunua mwaka 2014 alipaswa kumuuliza muuzaji kila ugomvi tangu 2008, ulio mahakamani na ulio bado kwenye barua za hasira.

Hapa ndipo ile seva ya pembeni ilipotusaidia. Ilikuwa ikiendeshwa na SCO OpenServer, mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoendesha kompyuta, wa jamii ya UNIX ambao zamani ulitumika sana madukani na maofisini kwa sababu ulikubali kompyuta za bei ndogo. Tulitaka kuitupa. Mama yule, ambaye wakati huo tulikuwa tumeanza kumwomba aje siku mbili kwa wiki kutusaidia, ndiye aliyesema, "Hiyo ina kanda zake kabatini, msiitoe." Tulikesha wiki nzima kusoma zile kanda za sumaku zilizohifadhi nakala za data, moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa zimeliwa na unyevu wa bahari. Tulipata miezi kumi na moja kati ya ishirini na minne. Kampuni ile ikakubali kuondoa kesi kwa rekodi hizo na huduma ya miaka mitatu bila malipo.

Katika makesha hayo nilianza kusoma habari za SCO yenyewe, na nikashindwa kuacha, kwa sababu niliona biashara yetu ndogo imeandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka 1993 kampuni ya Novell iliinunua UNIX kutoka AT&T. Jina UNIX ikalipeleka kwa shirika la X/Open, ambalo baadaye likawa sehemu ya The Open Group. Mpaka leo anayetaka kuuza mfumo wake kwa jina hilo lazima upimwe kwa vigezo vyao na apate leseni yao. Mwaka 1995 Novell ikaiuza biashara ya UNIX kwa Santa Cruz Operation ya California, ndiyo SCO ya awali. Santa Cruz haikuwa na fedha za kununua kila kitu, ikalipa kwa hisa, na Novell ikabaki na asilimia 95 ya ada za leseni za zamani. Kwenye orodha ya vitu visivyouzwa, mkataba ukaandika hakimiliki. Oktoba 1996 wakaifanyia marekebisho sentensi hiyo, kwa maneno ambayo baadaye kila upande uliyasoma kwa namna yake.

Mwaka 2001 Caldera ya Utah ikanunua biashara ile kutoka Santa Cruz, na mwaka uliofuata ikajiita SCO Group. Machi 2003 ikaishtaki IBM, ikidai angalau dola bilioni 1, kwa hoja kwamba mali yake ya UNIX imeingizwa kwenye Linux, mfumo endeshi unaotolewa bure. Novell ikajitokeza: hakimiliki hatukuuza kamwe. Fikiria, waliosimama mahakamani kuteta juu ya sentensi ya 1995, wengi wao hawakuwepo ilipoandikwa. SCO Group ikaomba ulinzi wa muflisi mwaka 2007. Machi 2010 baraza la raia katika mahakama ya Utah likaamua kwamba hakimiliki zilibaki kwa Novell. Madai dhidi ya IBM yaliburutwa hadi 2021, yakafungwa kwa dola milioni 14.25, miaka 18 baada ya kuanza. Na mwaka huohuo kampuni iliyokuwa imenunua mabaki ya SCO, Xinuos, ikafungua kesi nyingine mpya dhidi ya IBM na Red Hat, kampuni ya Linux.

Mambo matatu yalikuwa yamelala katika mfumo uliokuwa kwenye ile seva yangu: msimbo, hakimiliki na jina. Yalikuwa na wenyewe tofauti, na mtu mwenye mashine hakuwa na haja ya kujua. Mnunuzi wa biashara ana haja.

Ndipo nikakumbuka karatasi yetu ya jina.

Mzee hakutuuzia jina. Alisema, "Jina nitawapa mlitumie, mnipe kitu kidogo kila mwaka." Tukaandika ukurasa mmoja: asilimia 5 ya mauzo, bila muda, bila kusema nini kitatokea akifariki, bila kusema nani atakagua ubora wa tunachouza chini ya jina hilo. Kukodisha jina si jambo geni. Microsoft ilipoinunua idara ya simu ya Nokia mwaka 2014, jina lenyewe halikuuzwa, lilitolewa kwa leseni. Na mwaka 2016 leseni ikaenda kwa HMD Global ya Ufini kwa miaka 10. Watu hapa waliendelea kuomba Nokia dukani, hawana habari kwamba mtengenezaji amebadilika. Leseni ikiandikwa vizuri inaweza kufanya kazi hiyo. Yetu ilikuwa kipande cha karatasi.

Niliagiza upekuzi wa daftari la alama za biashara KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, Nairobi. Ni kazi ndogo na ada yake si ya kumzuia mtu. Jibu lilikuja kwamba alama ipo, daraja la 9, ambalo ndilo la programu za kompyuta. Mmiliki hakuwa mzee, wala kampuni ya mzee ya Mombasa. Ilikuwa kampuni ya kwanza aliyoianzisha na mwenzake Nairobi, kabla hawajaachana. Usajili wa alama Kenya hudumu miaka 10 na huhuishwa, na huyu mwenzake alikuwa ameuhuisha. Nadhani mzee aliamini jina ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyelibuni na yeye ndiye aliyelihangaikia barabarani. Daftari halijui hayo.

Kwa hiyo tulikuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe wa jirani. Miezi michache baadaye barua ya mwenzake ikafika, ikitutaka tuache kutumia jina na tueleze mauzo yetu yote ya nyuma. Bibi wakili alitueleza njia tulizokuwa nazo. Alama isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa iondolewe daftarini, na tulikuwa na sababu ya kushuku kwamba yule bwana hakuwa akiuza chochote kwa jina lile. Ila kulithibitisha kungechukua muda na fedha, nasi tulikuwa bado tunalipa awamu za mama. Tungeweza pia kumwomba leseni halisi, iandikwe muda wake, eneo lake, namna ya kukagua ubora na namna ya kuachana, kisha ipelekwe KIPI iandikwe daftarini. Tulijaribu hilo. Ada aliyoitaka ilituzidi nguvu.

Tukabadilisha jina. Naliandika kwa maneno mawili, lakini ndilo lililoniumiza kuliko samansi zote. Tulizunguka kwa wateja mmoja mmoja, kuanzia Mtaa wa Biashara hadi maofisi ya Shimanzi, kueleza kwamba ni sisi walewale na programu ni ileile. Mzee mmoja wa duka la vitambaa alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Sasa yule wa kwanza mmempeleka wapi?" Tulipoteza wateja kumi na tisa. Jina jipya tulilisajili kwa jina la kampuni yetu, si la mimi wala la binamu, daraja la 9 na la 42, kwa kuwa sasa tunauza pia huduma inayokaa kwenye seva zetu na mteja anaifikia kwa intaneti.

Mkiniuliza leo ningefanyaje, kitu cha kwanza ni fedha. Tulimpa mzee zote siku ya kahawa. Ningeomba robo ibaki kwa wakili mwaka mzima, ili deni lolote lililojificha likijitokeza lilipwe kutoka humo kwa amani, bila mimi kumpigia mgonjwa simu ya kumdai. Nadhani hata yeye angependelea hivyo. Na ningemtaka aandike kwa mkono wake orodha ya kesi, madai na wafanyakazi, na pale asipokuwa na kitu aandike "hakuna" kisha atie sahihi. Mtu anayeweza kukaa kimya mbele ya swali ambalo halijaulizwa, mara nyingi hawezi kuandika uongo kwenye mstari wenye swali. Mengine, ya masjala na KIPI, ni ya siku mbili za kutembea.

Mwaka 2019 zamu ya kuuza ikawa yetu. Kampuni ya Nairobi ilitaka ile sehemu ya kliaringi, na sisi tulitaka kubaki na maduka. Wao walitaka kumaliza mwezi huohuo. Nikasema tutasubiri miezi miwili, na ilani itoke. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa. Ijumaa ile nilichapisha ukurasa wenye ilani yetu nikaubandika ofisini ukutani, ili kila anayetudai akija auone.

Mama alikuwa sasa na sisi kila siku, mwaka wa tano. Aliusoma ukutani, miwani kwenye ncha ya pua, kisha akaja mezani kwangu.

"Hapa mmeandika mnunuzi hachukui madeni," akasema. "Na likizo zetu sisi tunaokwenda naye?"

Nikamfungulia jedwali la tatu la mkataba, walikoandikwa wafanyakazi watano wanaohamia, siku za likizo za kila mmoja, miaka yake ya kazi, na kiasi tulichokiweka kwa wakili kwa ajili yao. Alivuta kiti akakaa. Akaanza juu, akishuka na kidole mstari kwa mstari, akihesabu kimoyomoyo, mpaka akafika kwenye jina lake. Akarudia hesabu. Kisha akaomba kalamu, akarekebisha siku mbili nilizokuwa nimemkata kimakosa.